Kungoja Kuganduka Buterere

Neema alinipigia simu asubuhi, nikiwa ofisini nasahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa pili. Hakulia. Alisema mama yake amefariki, watamzika kesho huko Kanyosha, na wataganduka kesho hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika. "Familia wamekasirika, Tantine," aliniambia, akiniita shangazi kama siku zote. "Wanasema tumepata wazimu. Lakini ni Mama mwenyewe alisema. Na alisema ni weye utatamka neno." Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu niliendelea na karatasi iliyokuwa mbele yangu mpaka mwisho, nikaweka alama, kisha nikafunga mlango nikalia kwa sauti, jambo ambalo sijalifanya katika jengo lile tangu niajiriwe. Mwanafunzi mmoja aligonga, akasikia, akaondoka taratibu.

Kwa asiye wa huku kwetu, nieleze kwanza. Mtu akifa Burundi, maziko hayamalizi kilio. Nyumba yake inabaki ndani ya kilio miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima, mpaka ukoo uteue siku. Siku hiyo watu hukusanyika kwenye nyumba ileile aliyoishi marehemu, wakanywa, wakasema, na mkubwa wa ukoo akatamka mbele ya wote kwamba kilio kimekwisha. Huko ndiko kuganduka. Kabla ya hapo mjane hahami, haolewi, mali haigawanywi. Baada ya hapo kila mtu anashika njia yake. Kuganduka siku ya maziko ni kama kuepua chungu kabla hujawasha moto, na sikushangaa kwamba familia ilikasirika. Lakini mimi nilijua sababu, kwa kuwa nililala katika nyumba ya Mama Neema mwaka ule alipofundishwa maana ya kungoja.

Sitasimulia habari za wazazi wangu wala za utoto wangu Buyenzi, maana hazihusiki. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza lisansi, shahada ya kwanza, naandika memwari, yaani tasnifu, ya masta katika sosholojia ya mazingira, fani ambayo shangazi zangu waliamini ni elimu ya kufagia. Swali langu lilikuwa moja: kwa nini watu wa Buterere, mtaa wa bondeni pembeni mwa Bujumbura, hawahami? Kila mvua kubwa maji yalitoka kwenye mashamba ya mpunga yakaingia ndani ya nyumba, na kila mwaka waheshimiwa walikuja na mabuti kuwaambia wahame. Safari hiyo viwanja vilikuwa vimetengwa mahali pa juu, na malori yangekuja kuwachukua bure. Bado wengine waligoma, na wizara ilitaka kujua kwa nini. Profesa wangu ndiye aliyepewa kazi hiyo, na mimi ndiye niliyepewa miguu ya kutembea matopeni. Profesa alitaka niende asubuhi na kurudi jioni. Mimi nikaona mtu anayekuja na kalamu na kuondoka na viatu visafi haambiwi kitu cha maana. Nikapanga chumba.

Kilikuwa chumba cha nyuma, ambacho marehemu mume wa Mama Neema alikuwa akiweka mpunga, na harufu ya makapi haikutoka hata siku moja. Kuta zilikuwa za matofali mabichi. Usawa wa goti palikuwa na mstari wa kahawia uliozunguka chumba kizima, alama ya maji ya mwaka uliopita, na kitanda changu kilipandishwa juu ya matofali ili maji yakija yanikute nimekaa kama malkia, ndivyo alivyonitania Mama Neema siku ya kwanza. Ukuta wa kunitenga na sebule haukufika kwenye bati, kwa hiyo niliishi na maneno ya nyumba nzima, nipende nisipende. Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaangwa kwa mawese, au maharage na mchicha wa lengalenga. Mimi kama mgeni nilipewa ndagala nyingi kuliko wenye nyumba. Nilizirudisha kisirisiri kwenye sahani ya Baraka, mtoto wa mwisho, naye alizila akinitazama pembeni kama tumekula njama. Alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele na hakuwa na haya ya kucheka. Neema, dada yake, alijifanya haoni.

Mama Neema alikuwa Mkongo wa Uvira. Alivuka mpaka akiwa msichana, anauza vitenge, akakutana na Mrundi mkulima wa mpunga, akabaki. Mume alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua mvua za mwaka uliotangulia. Mjane alijifunga kichwani kitambaa cheusi kilichofuliwa mpaka kikaanza kuelekea ukijani, na asubuhi alikaanga vitumbua mlangoni, hatua chache tu ndani ya ua wake, kwa sababu mjane wa kilio hazururi sokoni. Nilimwuliza swali langu la kitaalamu siku ya pili, akiwa anageuza vitumbua.

"Mbona huhami, Mama Neema? Malori yanakuja."

"Nihame niende wapi, na bwana yangu hajagandukiwa?"

"Huko juu watakupa kiwanja."

"We mademoiselle, unasoma sana lakini unasikia kidogo." Akacheka, akanipa kitumbua cha moto. "Mi sikuandikwa na bwana ku komini, kwa serikali. Tulioana ku kanisa na ku mudomo ya wazee, basi. Nikitoka hapa mbele ya kuganduka, watasema muke amekimbia kilio. Muke wa kukimbia kilio hana kitu, na watoto yake wanakuwa ya wageni. Lakini ile siku ya kuganduka, wazee watakaa hapa mu lupango, mu hii ua, watasema mbele ya batu: huyu ndiye muke, hawa ndio watoto, parseli, kiwanja hii, ni yao. Wakisha kusema, mi nitapanda kamyo. Nitapanda ya kwanza. Unafikiri napenda vyura?"

Nilirudi mjini nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani. Profesa alinipokea katika ofisi yake yenye feni iliyokufa na vitabu vilivyoletwa kutoka Ubelgiji enzi za ujana wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. "Hii ni attachement, mademoiselle. Mapenzi ya mahali. Iko kwenye vitabu vyote." Nikamwambia hapendi pale, anapachukia. "Basi haelewi hatari." Nikamwambia anaielewa, amepandisha vitanda vyote juu ya matofali, lakini anangoja kuganduka. Akavua miwani akacheka, si kwa ubaya. "Kuganduka haiingii kwenye jedwali. Unataka nipeleke wizarani habari za pombe na vilio? Watanifukuza." Leo nina ofisi katika korido ileile, na feni yangu nayo imekufa. Nimewahi kumsikia mtu mkubwa akiita jambo hilihili ukaidi, na mwingine ujinga, na mgeni mmoja akaliita neno refu la Kifaransa lililomaanisha ujinga. Sikumchukia Profesa. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na alijua ni maneno gani yanayosomwa na yapi yanayotupwa. Nilimchukia mtu mwingine.

Huyo alikuwa Bosco, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye neno la kuganduka lilikuwa mdomoni mwake peke yake. Alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa koti, akileta sukari kidogo kwa watoto. Aliketi kwenye kiti cha mdogo wake bila kuambiwa, akauliza hali ya kila mtu, akapapasa mstari wa maji ukutani kwa kidole akitikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa mpole kupita kiasi. Siku ya kuganduka ilipangwa iwe kabla ya mvua. Kisha shangazi wa ukoo akaugua, ikasogezwa. Kisha ndizi za pombe hazijakomaa, ikasogezwa tena. Kisha kuna binamu yuko safarini na bila yeye haifai. Kila mara Mama Neema aliinamisha kichwa na kusema, "Asante, shemeji, tutangoja." Mimi upande wa pili wa ukuta nilimwonea huruma Bosco kwa mizigo ya ukoo. Kweli, nilimwonea huruma.

Mwishoni mwa kiangazi shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, akapita na kipaza sauti: malori ni kesho na keshokutwa, anayepanda anapata kiwanja, asiyepanda shauri yake. Mtaa ukageuka. Watu walipanda juu ya nyumba zao wakang'oa mabati, wakatoa milango, wakabeba hata fremu za madirisha. Ukitazama kutoka mlangoni kwetu uliona kuta tupu zilizoachwa wazi juu, na kuku walioachwa wakitembea ndani kama wapangaji wapya. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alimkumbatia Mama Neema akamwambia, "Njo tuende, dada. Wafu hawatatukasirikia." Mama Neema akamjibu, "Wafu apana. Wazima." Ofisa mmoja aliyevaa fulana nyeupe alisimama mbele ya ua wetu, akamwuliza kama anahama, akaambiwa hapana, bado kilio. Akamgeukia mwenzake akasema, "Ukaidi." Nikamwambia si ukaidi. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni mwanafunzi. "Basi kasome," akasema, wakaenda nyumba ya pili.

Jumapili iliyofuata Bosco alikuja na yule binamu ambaye eti alikuwa safarini. Mama Neema alitoka mlango wa nyuma, hatua chache tu, kuchota maji ya chai. Nilikuwa kitandani na vitabu vyangu, na nadhani walisahau kabisa kwamba nipo. Walizungumza Kirundi, kwa sauti ya kawaida tu, kama watu wanaojadili bei ya mbegu.

"Utaipanga lini?" binamu aliuliza.

"Acha mvua ije. Siwezi kumfukuza, watu wataniona vibaya. Maji yatamtoa. Akitoka kwa miguu yake mwenyewe kabla ya neno, kiwanja kinarudi kwetu bila ugomvi."

"Na watoto?"

"Watoto watamfuata mama yao."

Mama Neema akarudi, wakahamia Kiswahili, wakasifu chai yake. Sijawahi kumchukia mtu namna ile, wala kabla wala baadaye. Walipoondoka nilimfuata jikoni, akiwa anasugua sufuria kwa majivu, nikamweleza yote neno kwa neno. Hakuacha kusugua.

"Ulifikiri mi sisikie Kirundi?" alisema. "Miaka yote hii, mu nyumba ya Murundi? Wanafikiri sisikie, ndiyo maana wanasema mbele yangu. Nikiwaonyesha nasikia, watasemea inje."

"Kumbe unajua! Sasa utafanya nini?"

"Nitakaa. Nikienda, nimemupa parseli bure. Nikikaa, siku moja atachoka, ama batu watamuuliza. Ni yeye na mi."

"Na maji?"

"Maji ni ya batu yote, Chantal. Bosco ni ya mi peke yangu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Kisha akanituma nimwite Baraka aje aoge.

Mvua ilipokuja kweli haikuja na kishindo. Ilinyesha milimani siku nzima, na maji yakatufikia kimya kimya kutoka upande wa mpunga, yakapita chini ya mlango, yakapanda mpaka kwenye mstari wa kahawia, yakaupita kidogo. Tulipika juu ya meza. Vyoo vya mtaa mzima vilikuwa vimefurika, na visima vile vile, na sote tulijua tunakanyaga nini. Baraka akaanza kuharisha. Tulimchemshia maji, tukampa chumvi na sukari kama tulivyofundishwa, na alipoanza kulegea Mama Neema akamfunga mgongoni tukaenda zahanati, maji yakitufika mapajani, mimi mbele nikipapasa njia kwa mti. Zahanati walimpokea vizuri. Walimtundikia dripu. Mama yake alimshika mguu mmoja usiku kucha kana kwamba angeteleza, na asubuhi muuguzi akaja akauchukua ule mguu mkononi mwake taratibu, akaufunika. Hiyo ndiyo habari yote. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu maji ya Buterere kwa kazi yangu, na katika kurasa zote hizo sikuwahi kupata mahali pa kumweka Baraka.

Baada ya maziko tulirudi nyumbani, maana watu lazima warudi penye kilio. Maji yalikuwa yamepungua mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wanaume walisimama uani juu ya matofali, wanawake ndani ya maji. Bosco akavua kofia, akasema maneno mazuri kuhusu mtoto, na nadhani aliyasema kwa moyo, kwani macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akaendelea, kwa Kiswahili, ili Mama Neema asikie. "Sasa kifo ingine imeingia mu nyumba. Ile kuganduka ya baba haiwezi kufanywa juu ya kilio mupya. Tutaisogeza mbele. Tutaona mwaka kesho." Alichosema kilikuwa sahihi kabisa kimila. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, hakuna mzee pale ambaye angeweza kumwambia anakosea.

Mama Neema akafungua kitambaa cheusi kichwani. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi upande mmoja, nasi hatukujua. "Nimeganduka," akasema. "Bwana yangu amegandukiwa. Mutoto yangu amegandukiwa. Imeisha."

"Muke hatamki neno ile," Bosco akasema.

"Basi tamka weye." Akamsogelea, maji yakipiga kelele ndogo. "Tamka, shemeji. Iko neno moja tu. Sikuombi chai, sikuombi pombe. Batu wako hapa, wazee wako hapa. Tamka, mi niende na huyu moja aliyebaki."

Bosco alitazama wazee, wazee wakatazama maji. Hakutamka. Mama Neema akangoja, mpaka ikawa aibu kuendelea kumtazama, kisha akaingia ndani. Alitoka na sufuria zake amezifunga kwa kile kitambaa cheusi, maana ndicho kilichokuwa karibu. Akamshika Neema mkono. Mimi nilibeba godoro. Tulitembea hadi barabara kuu bila mtu kutusindikiza, na mkulima aliyekuwa amepakia mikungu ya ndizi kwenye baiskeli akasimama kutupisha, akavua kofia.

Malori yalikuwa yameshakoma na viwanja vya juu vimeshagawanywa. Alihamia Kanyosha, upande wa kusini wa mji, akalima muhogo na lengalenga kwenye mashamba ya watu, baadaye akajenga vyumba viwili pembeni mwa korongo, kwa kuwa pembeni mwa korongo ndiko mtu kama yeye anakoweza kununua. Bosco alipata kiwanja cha Buterere. Mimi niliandika memwari yangu na sura ya kuganduka ndani yake, Profesa akaniomba niihamishie kwenye viambatisho, nikakataa, akaniacha. Siku ya kuitetea, mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza, akitabasamu, kama napendekeza wizara iwanunulie watu pombe. Ukumbi ukacheka. Nikajibu ndiyo, pombe na siku moja ya mkuu wa kartie kusimama na kumwambia mkubwa wa ukoo atamke, ingekuwa nafuu kuliko malori. Wakadhani naendeleza utani, wakanipa alama nzuri. Tangu hapo nimeketi katika tume nyingi na kulisema jambo hilohilo kwa lugha ya heshima. Katika waraka mmoja limebaki neno "kuzingatia mila", ambalo halimlazimishi mtu yeyote kufanya lolote. Nina cheo, nina wanafunzi, na nina hasira ileile.

Kanyosha tulimzika Mama Neema chini ya mawingu mazito. Tuliporudi nyumbani niliona kwa macho yangu kile alichoniambia kwa simu miezi iliyopita kwa mzaha, kwamba korongo linakuja kunywa chai kwake. Nusu ya ua haikuwepo. Ukuta wa jiko ulikuwa na ufa unaopitisha mkono, na chini, mbali, ulisikia udongo ukimomonyoka kidogo kidogo. Watu walisimama upande wa barabara, wamebanana. Wanawe Neema wawili walishikwa mikono wasikimbie. Bosco alikuwepo, mzee sana sasa, ameegemea fimbo, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa rika lake aliomba neno.

"Hii haifanyiki," alisema. "Kilio inangojewa. Tukizika leo na kuganduka leo, tutakuwa batu gani?"

"Mama yangu alingoja," Neema akamjibu, bila ukali. Akanigeukia. "Tantine. Tamka."

Mimi si wa ukoo. Sina haki hiyo, na mzee yeyote pale angeweza kunizuia. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, ya mwalimu, yenye mwanzo na mwisho, ikanitoka yote. Nilimtazama Bosco nikisubiri anikataze, naye akafungua mdomo, kisha akatazama ule ufa ukutani, akafunga mdomo. Nikasema kwa sauti ili wa nyuma wasikie: "Mama Neema amegandukiwa. Baba yake Neema amegandukiwa. Baraka amegandukiwa. Huyu ndiye mtoto wao, na vyote ni vyake. Kilio kimekwisha. Nendeni."

Barabarani palikuwa na lori alilokodi Neema, limepakia vitanda, sufuria na mabati ya nyumba ile yaliyong'olewa asubuhi ileile. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka. Neema akafungua kitambaa kichwani, akawapandisha watoto, na kabla ya yeyote kumpa mkono alishapanda, wa kwanza.